Wakfu wa Nyuso

Mlango ufungeni, wanangu, na simu zenu zilazeni kifudifudi hapo mkekani, maana leo sitaki kugombania masikio yenu na watu wa mbali. Alasiri nimeiswali kwa macho tu, mwili umekataa kuinama, na mimi mwenye mwili najua unaniambia nini. Rahema, nipandishie mto. Abdi, usianze kulia, bado sijafa. Na wewe Mahmood, kifungua mimba wangu, usisimame pale kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Kaa hapa miguuni pangu nikuone, kwa sababu mengi ya maneno haya ni yako, na mtu akiambiwa lake ni afadhali aambiwe akiwa amekaa.

Nianze na mepesi. Ile sufuria kubwa yenye masikio mawili si yetu, ni ya jirani yetu Joyline, iliingia hapa kwa harusi ya Abdi na tangu siku hiyo imeona haya kurudi kwao. Irudisheni kabla ya hitima yangu, msije mkapika pilau ndani ya chombo cha kuazima halafu mkasimama mbele ya watu mkasema marehemu hakuacha deni. Wifi yangu Zuleka alinitangaza Majengo nzima kwamba nafuga majini, kwa kuwa nilikuwa najifungia kwenye chumba cha giza na kutoka na vidole vinavyonuka dawa. Mwambieni nimemsamehe. Tena mwambieni nilimsamehe zamani, ila nilikuwa napenda kumwona akinipisha njia.

Nyumba hii, na kile kipande cha Kiritiri alichonunua baba yenu kwa ajili ya mbuzi, vitagawanywa kama dini inavyosema, kila mtu na fungu lake, wala asitokee mtu akadai kwamba mama alimnong'oneza hivi au vile. Mahmood, na lako limo. Najua siku hizi hulali, unaogopa nitakufuta. Sina uwezo huo, mwanangu, na kama ningekuwa nao, wallahi sijui leo ningefanya nini, maana hasira ya mzazi haina breki. Aliyekupa fungu hilo ni Mungu, si mimi, na mimi sitasimama mbele yake hivi karibuni nikiwa nimemsahihisha.

Sasa sikilizeni lililonifanya niwaite.

Baba yenu Jumaa, Mungu amrehemu, hakuwa na shamba la chai wala duka la jumla. Alikuwa na kamera, shuka la bluu la kutundika nyuma ya watu, na koti moja la kijivu. Watu walikuwa wakishuka kutoka milimani na nguo za kuchumia chai, na hakuna mtu anayetaka ukumbusho wake uwe na viraka, basi Jumaa akawa anawavika lile koti, anawafunga vifungo yeye mwenyewe, anawafuta vumbi kichwani, halafu anawaambia watazame mbele kama watu wanaodaiwa na wamelipa. Siku za soko alilibeba koti lake na shuka lake akaenda navyo Nkubu, akaenda Chuka, akateremka hadi Runyenjes na Karurumo. Mnacheka, lakini wanaume wa Meru na Embu wa enzi zile wengi wao wamevaa koti la mume wangu, na wajukuu zao wanaapa kwamba babu alikuwa na suti.

Yeye alipiga, mimi nikasafisha. Hilo watu hawalijui, kwa kuwa jina la mlangoni lilikuwa lake. Mimi ndiye niliyekuwa gizani, naitikisa karatasi ndani ya maji ya dawa, na uso wa mtu unanijia taratibu, kwanza nywele, kisha macho, kisha mdomo uliokuwa unaogopa kucheka. Mwenye picha alichukua karatasi yake akaenda zake. Negativu, ile filamu ambayo ndiyo mama wa picha, ilibaki kwetu, kwenye madebe ya biskuti. Miaka ikapita, nyumba za watu zikaungua, mapaa yakavuja, mchwa wakala, watu wakahama, na picha zao zikaisha. Zetu zikabaki. Jumaa alipokuwa anaondoka aliniambia, 'Halimah, uso wa mtu si mali ya fundi.'

Mwaka mmoja akaja Lorna, yule binti wa maktaba ya taifa ya kwenye mtandao, na viatu vyake vyenye matope mekundu. Akakaa hapa hapa akanieleza. Alisema wanakusanya vilivyomo kwenye maktaba zote, na kwenye hifadhi za nyaraka, na kwenye makumbusho, vitabu na magazeti na kanda na picha, waviweke mahali pamoja, ili mchunga mbuzi wa Kiritiri na profesa wa Nairobi waingie kwa mlango mmoja, bure, bila kuulizwa wewe ni nani na umetoka wapi. Kilichobaki kwenye nyumba za watu nacho wanakiomba. Nikamwambia, 'Binti yangu, usihangaike kunifafanulia. Kwetu kitu hicho kina jina. Kinaitwa wakfu.'

Mlikuwepo wote watatu siku niliyoutoa. Ilikuwa baada ya alasiri, uani, imamu yupo, majirani wapo, Waislamu kwa Wakristo, na Joyline amewaletea chai. Nikasema kwa sauti yangu, na wakati huo nilikuwa nayo, kwamba negativu hizi na nyuso zilizomo nimezitoa wakfu kwa watu wa nchi hii. Haziuzwi, hazirithiwi, hazipewi mtu kwa zawadi, na mwenye kuja kumtazama babake asiombe ruhusa kwa yeyote. Watu wakaitika amina. Mahmood, amina yako ilikuwa kubwa kuliko zote, hata nikageuka kukutazama, nikajisifu moyoni kwamba nimezaa.

Kisha Lorna akafungua kompyuta yake akaniuliza, 'Mama, mwenye picha hizi ni nani, niandike?' Nikamjibu, 'Mwenyewe ni Mungu.' Nilimjibu hivyo kwa sababu hivyo ndivyo wakfu ulivyo, mja akishakitoa kitu hakimiliki tena. Nikaingia ndani kutawadha. Niliporudi kazi inaendelea, debe baada ya debe, na sikuuliza kitu. Sisi tumelelewa kwamba neno likishasemwa mbele ya mashahidi limekwisha; hatungoji mashine nayo iitike amina. Juzi tu ndipo Lorna aliponieleza, machozi yakimlengalenga, kwamba mashine ilimkatalia Mungu. Ilitaka mtu mwenye nambari ya kitambulisho. Na Mahmood akamwambia, 'Niandike mimi, dada, ni jina la kupitishia tu.'

Jina la kupitishia. Haya.

Mwanzoni ilikuwa raha, wanangu. Abdi alikuwa ananifungulia jioni, na chini ya kila uso watu walikuwa wanaandika: huyu ni nyanya yangu, huyu ni Mukiri fundi wa viatu, huyu ndiye aliyenifundisha kusoma. Yule bwana Kobia mwenye vyumba vya wanafunzi kule Nchiru alimwona mamake akiwa msichana, akafunga safari kuja kunishika mkono, mtu mzima analia kwenye kiti changu. Nikasema Jumaa, tazama, nyuso zimerudi kwao.

Ndipo akaja Karwirwa.

Huyu hamumjui vizuri, basi mjueni. Ni mwanamke wa umri wangu, wa Karurumo, mtu wa kanisa, na alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Kivuti. Kivuti alifariki kijana, na baadaye nyumba ikaungua na picha yake ndani. Miaka yote hiyo mama huyo amekuwa akimtafuta mwanawe kichwani na anaona uso unafifia. Mjukuu wa dada yake akamwonyesha kwenye maktaba: Kivuti huyu hapa, ndani ya koti la kijivu, mikono ya koti imemzidi. Aliniambia siku hiyo alikula akashiba. Aliporudi kumtazama tena, akakuta uso umepigwa muhuri wa kampuni, kutoka kwenye paji hadi kidevuni, na chini yake maneno kwamba anayetaka kumwona vizuri aombe kibali kwa mwenyewe. Akaja mpaka hapa, na magoti yale mabovu, akaniuliza kwa upole, bila hata kuinua sauti, 'Mama Mahmood, ni nani huyo mwenye mtoto wangu, nikamwombe?'

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Alipoondoka nikakuita, Mahmood, na nilikuita nikitumaini utaniambia ni makosa ya mitambo. Ukaniambia umeipa kampuni ya Nairobi haki zote za picha hizo, wanazitia kwenye kalenda na matangazo, na kwamba maktaba hawakudhulumiwa, si wameachiwa zile zenye muhuri? Jino la pembe si dawa ya pengo, mwanangu. Ukaniambia dunia imebadilika. Ukaniambia, na neno hili nitaliwasilisha nikiulizwa, 'Mama, wakfu hauna sahihi.' Kisha ukafungua simu yako ukanionyesha Kivuti, msafi, hana alama hata moja, kwa kuwa wewe ndiwe mwenyewe. Ulidhani nitafurahi.

Niliumia. Nasema wazi mbele ya ndugu zako, niliumia kuliko siku niliyomzika baba yenu. Aliyeibiwa na mpita njia hulala akimwapiza mwizi, na kesho yake moyo umepoa. Mimi nitamwapiza nani, na mwizi wangu nilimnyonyesha? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi neno hilo nililisema ovyo maisha yangu yote, nikidhani ni la wengine. Ungeniuzia paa hili ningekusamehe kabla ya isha. Lakini uliuza kitu ulichokiitikia amina, na watu wale walituachia nyuso zao kwa sababu walituamini tukiwa maskini wenzao.

Rahema, maji. Kidogo tu... hapo panatosha.

Sheria imeniachia theluthi moja niitoe nitakapo, nje ya warithi. Kile chumba cha mbele kilichokuwa studio nimekitoa, kiwe wakfu pia, na safari hii imamu ameandika na mashahidi wameandika na mimi nimetia kidole, kwa kuwa mtu hagongwi na jiwe moja mara mbili. Kiwekwe kompyuta, Lorna ameahidi, na mtu yeyote wa mji huu asiyekuwa na simu nzuri aingie asome vya maktaba, atazame wafu wake, atoke. Rahema ndiye msimamizi. Usikifunge hata siku za sikukuu. Abdi, utamsaidia dada yako, na ulimi wako uuchunge. Usimtukane kaka yako msibani, wala msimpeleke kortini kabla hajapewa nafasi ya kurudi mwenyewe. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe.

Na wewe, Mahmood. Utakwenda kwa watu wa maktaba useme, mbele ya mashahidi na kwa sahihi hiyo unayoiamini, kwamba wewe si mwenyewe na hukuwa mwenyewe hata siku moja. Kampuni itakutisha. Itasema mkataba ni mkataba. Wakitaka kukushtaki, na wakushtaki. Fungu lako lipo. Likiisha kwenye kesi hiyo, litakuwa limefanya kazi nzuri kuliko zote ulizowahi kuzifanya kwa mali.

Bado radhi.

Rahema, Abdi, radhi yangu ni yenu, duniani na akhera, mmenibeba na kunilisha na kuniosha bila kukunja uso. Mungu awape watoto watakaowatendea mlivyonitendea. Awaongezee... awaongezee subira na riziki ya halali, na msitengane.

Yako, Mahmood, haimo ndani ya nyumba hii. Jana nilimwambia Rahema anipigie simu Karurumo. Nikamwambia Karwirwa, mama mwenzangu, radhi ya mwanangu nimeiweka kwako amana. Akakataa. Akasema, 'Mimi ni mtu wa kanisa, Mama Mahmood, hayo ya radhi yenu siyajui.' Nikamwambia unayajua, umezaa. Nikamwambia, atakapokuja kwako na uso wa mtoto wako bila alama, amekuletea kwa mkono wake, mtazame mwanao mpaka utosheke, kisha umwambie mwanangu lolote moyo wako utakalokutuma. Utakalosema wewe ndilo nimesema mimi. Akalia, akakubali.

Usinishike mkono. Si chuki, baba... si chuki. Mkono huu nikikupa sasa utatosheka, utakaa hapa unilie, na yule mama atabaki na muhuri wake. Kwa yule Mhindi karibu na stendi wanatoa picha kwa karatasi nzuri, bado hajafunga. Magari ya Embu yapo mpaka jua lizame. Karurumo si mbali.

Ukinikuta nitakupa mkono. Usiponikuta... kwake imetosha. Udongo wangu ndugu zako watanitilia.

Abdi, nigeuzeni. Huku... kibla ni huku. Rahema, nisomee, polepole, sauti yangu inakwisha.

Mungu awa... awaweke.

Mahmood.

Mbona bado umekaa?