Bwana Alinifungua Kinywa Nikataja Bei Yangu

Sifa zimurudilie Bwana Yesu, ndugu zangu! Nasema tena, zimurudilie! Nyinyi wa nyuma kule karibu na mulango, munanisikia? Amina.

Mimi naitwa Kavugho. Wengi hapa Mususa mumezoea kuniita Mama Kahindo. Leo sikusimama kushuhudia uponyaji wa tumbo wala wa macho. Nasimama kushuhudia jambo ambalo labda hamujalisikia hata siku moja kanisani: Mungu aliniponya ugonjwa wa kuogopa kutaja bei. Musicheke! Ngojeni kwanza, ndugu zangu, kwa sababu ugonjwa huo ulikaribia kumupeleka bwana yangu kaburini.

Kwetu ni upande wa Mabalako. Tulikuwa na shamba la kakao, mimi na bwana yangu Kambale. Kule, mulimaji hataji bei. Unafika na gunia lako, mununuzi anaingiza mukono, anatazama kakao, anatazama hata viatu vyako, kisha yeye ndiye anasema. Wewe unapokea na kushukuru. Baba yangu aliishi hivyo, na sisi tuliishi hivyo, na hatukuona kama kuna shida.

Kisha vita vikatufikia. Sitasimulia yote. Wengi munaonitazama hapa mulikimbia kama mimi. Nitasema tu habari ya mbuzi. Tulikimbia na mbuzi wetu, na tulipofika upande wa Kalunguta, watoto walikuwa wamechoka, hatukuweza tena kuwavuta wanyama. Kando ya njia kulikuwa mutu ananunua mifugo ya wanaokimbia. Nikamutajia bei yangu. Hakujibu kitu. Akasimama tu. Nyuma yetu, mbali kidogo, risasi zikalia. Akanitazama, akasema pole pole, kama mutu anayekuhurumia:

"Mama, unasikia?"

Nilisikia! Nikamuachia mbuzi wote kwa bei ya kuku. Ndugu zangu, yule mutu hakunipiga, hakuniibia. Aliiacha hofu yangu inipangie bei. Na mimi nikaendelea na safari, lakini ile hofu haikubaki Kalunguta. Ilipanda mulima pamoja nami mupaka hapa Butembo.

Tulipokelewa na kaka mukubwa wa Kambale, akatupa chumba kimoja. Muke wake ni Kavira, yule pale mwenye kitambaa cha manjano. Mungu amubariki, ingawa nitamusema kidogo leo. Mimi nilijua kufuma tricot tangu usichana wangu, na munajua baridi ya Butembo: mutoto muchanga hapa bila laine, ule uzi wa sufu, ni kikohozi. Nikaanza kufuma nguo za watoto wachanga, kikoti, kofia na soksi. Kavira, ambaye anauza mafuta na nywele kwenye internet, akanipa telefone yake ya zamani na kuniingiza katika makundi ya mauzo. Akaniambia: "Butembo na Beni yote iko humu ndani. Weka picha, andika bei."

Andika bei! Hapo ndipo shida ilianza. Kila nilipotaka kuandika, moyo ulidunda. Mutu yuko nyumbani kwake, hanioni, simuoni, hakuna risasi popote, lakini akiuliza tu "Bei gani?", mimi nilisikia: "Mama, unasikia?" Nikawa naandika chini ya picha: "Mukimbizi wa Mabalako, musaidie. Bei tutaelewana." Akija mutu, nataja dola tano. Akikawia kidogo kujibu, hata kama anageuza chakula motoni, mimi mwenyewe naandika: "Ao ine." Akikawia tena: "Ao tatu." Nilikuwa nashindana na ukimya, na kila mara ukimya ulishinda!

Dola tatu zilirudisha laine tu. Vidole vyangu na jioni zangu zote vilikwenda bure. Na wale walionunua kwa huruma walinunua mara moja, wakaona wamemaliza kazi ya Mungu, hawakurudi tena. Mutu anayekuhurumia leo, kesho anamuhurumia mwingine. Sikuelewa.

Sasa sikilizeni. Msimu wa kakao ukafika. Kambale alikuwa hapati kazi hapa muji, siku nyingine anabeba mizigo, siku nyingine anakaa tu kwenye kizingiti. Binamu yake Paluku, ambaye walikomaa pamoja, akaja kutuona. Akasema kakao imeiva kule, wezi wanaivuna, na kuna vijana wanarudi kuvuna haraka na kutoka. Kambale akatoa panga lake, akaanza kulinoa uani.

Nikamuuliza: "Baba Kahindo, unaenda wapi na ile panga?"

"Unajua kwenye naenda."

"Kule batu banakufa."

"Na hapa?" Akanionyesha sufuria. "Hapa batoto banakula nini? Unafuma asubuhi na jioni, lakini hatuone kitu. Mimi niko mwanaume. Siwezi kukaa nakutazama tu."

Ndugu zangu, ni vibaya sana kumupenda mutu na kukosa neno la kumuzuilia.

Katika siku zile zile, mama mumoja wa Beni, muuza vitenge, tumuite Mama Neema, aliona picha ya seti yangu nyeupe. Akaniuliza bei. Mimi kwa ule ugonjwa wangu nikaruka mupaka chini kabisa: dola tatu! Nikangoja. Akanitumia sauti, na ile sauti ninayo moyoni mupaka leo:

"Mama, nguo iko muzuri sana, lakini bei yako inaniogopesha. Kuko nini na hii kitu? Ilishavaliwa? Laine inatoka rangi? Ni ya mujukuu wangu, tunamupeleka kanisani wiki ijayo. Siwezi kufika mbele ya bakwe na kitu ya dola tatu. Hapana, mama. Acha tu."

Acha tu! Nilikaa kwenye kitanda na telefone mukononi. Miezi yote hiyo niliamini watu wananikataa kwa sababu bei iko juu. Kumbe huyu ananikataa kwa sababu iko chini! Kwenye internet mutu hawezi kushika laine, hawezi kuivuta aone kama ni ngumu. Anachoshika ni picha na bei tu. Na bei yangu ilikuwa inamuambia: hii kitu ni mubaya, na mwenyewe anajua. Nilikuwa nashuhudia uongo juu ya kazi ya mikono ambayo Mungu alinipa!

Nikaingia katika maombi. Nilifunga, nikalia, na katika kulia nikaona jambo wazi kama ninavyowaona nyinyi: sikuwa nimeacha kuuza mbuzi kando ya njia. Kila siku niliwauza tena. Nikasimama, nikasema kwa sauti, mupaka watoto wakaja kuchungulia: "Bwana, tangu leo risasi hazitanipangia bei! Katika jina la Yesu!"

Haleluya!

Nikaenda kwa Kavira, nikamuambia nataka kuandika bei ya kweli. Tukakaa jikoni, tukapiga hesabu ya laine, sabuni na siku zangu, tukaona seti nzima ni dola kumi na mbili. Kavira akafurahi, akaniambia:

"Sasa andika kwanza ishirini na tano, pitisha mustari juu yake, chini andika kumi na mbili. Mutu akiona ule mustari, roho yake inaruka. Hanunue nguo, ananunua kile anazani amepunguziwa."

"Lakini sijauza hata moja kwa ishirini na tano."

"Na nani anajua?"

"Mimi najua, Kavira. Na Ule niliyemuomba asubuhi anajua."

Akacheka, akasema mimi ni mugumu. Lakini alinifundisha jambo lingine ambalo halina uongo: nianze na seti nzima, kisha kofia na soksi, mwisho kofia peke yake. Mutu anayekutana kwanza na bei kubwa haogopi ya pili, na asiyeweza ya kwanza hatoki mikono mitupu. Nikapiga picha muchana, juu ya shuka safi. Nikafuta "mukimbizi". Nikafuta "musaidie". Nikaandika: "Laine nzito, imefuliwa mara mbili, haitoi rangi. Imefumwa kwa mukono hapa Mususa." Na bei. Bila "tutaelewana".

Je, wateja walimiminika? Hapana, ndugu zangu! Wakanicheka. Mumoja akaandika: "Ni bei ya Ulaya?" Mwingine: "Laine ya zahabu!" Halafu ukimya. Ule ukimya ninaoujua. Kidole changu kilikwenda kwenye telefone kutaka kuandika "ao kumi", "ao nane". Nikaifungia telefone ndani ya sanduku, nikaendelea kufuma huku naimba. Uani panga lilikuwa linalia juu ya jiwe.

Siku iliyofuata Paluku akaja na mufuko wake: wanaondoka. Nami nikafungua sanduku. Mama Neema alikuwa ameandika. Aliona picha mupya, aliona bei.

"Mama, ile kitu ni ile ile?"

Nikamuambia: "Ni ile ile. Ni mimi nilikuwa naiogopea. Bei yake ndiyo hii."

"Fanya kumi."

Nikamutazama Kambale, anafunga kamba za viatu. Dola kumi! Mwezi uliopita ningepiga magoti. Nikaandika: "Hapana, mama. Ni kumi na mbili."

Ukimya. Nikangoja. Ndugu zangu, nilingoja! Sikuandika neno. Kisha: "Sawa. Tuma kwa basi. Na ufume ingine ya bluu, mukwe wangu mwingine ana mimba."

Pesa zikaingia kwenye telefone. Nikatoka uani nikamuonyesha Kambale. Akatazama, akasema: "Ni mutu mumoja." Na ni kweli, alikuwa mutu mumoja. Sikuwa na kitu kingine cha kumuonyesha. Nikasimama mbele yake, nikamuambia:

"Baba Kahindo, hii safari nasema hapana. Siku zote nilipunguza. Leo sipunguze. Unikasirikie kama unataka, lakini baki."

Paluku akasema: "Shemeji, muache, tutarudi mbio."

Kambale akavua mufuko begani. Hakuvua kwa imani, nawaambia ukweli. Alivua kwa hasira, akaingia ndani, hakunisemesha mupaka kesho yake. Paluku akanipa mukono, akaenda.

Paluku hakurudi. Waliingiliwa shambani na wenye silaha, akauawa. Kaka zake walimuzika kule kule, haraka, bila sisi kufika.

Sitasema kwamba Mungu alimupenda Kambale kuliko Paluku. Usinisikie hivyo, ndugu yangu! Paluku aliomba kuliko mimi. Nimemuuliza Mungu, na bado ninamuuliza. Ninalolijua ni hili: siku ile nilikuwa na kinywa, na kinywa kile kilifunguliwa na Bwana. Mwezi mumoja nyuma nisingekuwa nacho. Ningemuambia Kambale "baki", akanitazama kidogo tu, nami ningesema "basi, enda".

Kilio kilipoisha, Kambale alirudi kwenye kizingiti, akakaa. Nikamuwekea mafungu ya laine mapajani. Akaanza kuyakunja kuwa mipira. Leo yeye ndiye anafua, anapakia, anapeleka mizigo kwenye basi. Wanaume wengine walimucheka mara ya kwanza. Sasa wananipigia kuuliza kama kuna kazi.

Na bei? Wengine wanasema ghali, wanaenda. Nawaacha waende kwa amani. Wengine wanarudi. Mama Neema ameleta nusu ya Beni! Watoto wangu wako shuleni. Si utajiri, ndugu zangu, ni chakula, na ni bwana yangu akiwa hai mezani.

Kwenye benchi ya pili amekaa Masika, mujane wa Paluku. Alinipa ruhusa nimutaje. Alikuja kwetu na watoto wake, anafuma pamoja nasi. Wiki hii aliweka picha yake ya kwanza, kofia nyekundu, na bei aliyoiandika mwenyewe. Muteja akamuandikia: "Punguza, mama, kuko vita, hakuna pesa." Masika akanitazama. Mimi nikaendelea na sindano zangu, maana sikutaka aazime kinywa changu. Akaandika: "Vita naijua. Bei ni ile." Yule muteja akalipa!

Basi wewe unayenisikia, labda hauuzi kitu. Labda ni kazi unafanya na hujui kudai mushahara, labda ni binti na mutu anataka akupate bure. Kuna sauti inakuuliza: "Unasikia?" Jibu kwamba unasikia, lakini unasikia Mwingine. Mutegemee Huyo. Anayeogopa, aje hapa mbele, mimi na Masika tutashikana naye mikono, tuombe. Hatutamuuliza ametoka wapi.

Wasingya, asante, Bwana. Wasingya sana! Njoo, Masika, uanze maombi.