Mama Aliyejifunza Kufunga Mdomo

Ndugu, jamaa, marafiki, na majirani mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, mimi ni mtoto pekee wa marehemu, na nimepewa kazi hii kwa sababu, kama alivyosema Shangazi jana bila hata kushusha sauti, ndimi pekee nisiye na kazi nyingine, basi naomba mnivumilie nikisoma karatasi hii.

Marehemu mama yangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962, katika nyumba ya mwisho kabla ya reli, mtoto wa kwanza kati ya wawili, wa pili akiwa Mjomba, huyu hapa mstari wa mbele mwenye koti la kijivu, aliyezaliwa 1966 na kupoteza usikivu akiwa na miaka miwili kwa homa ya uti wa mgongo, na kwa kuwa shule ya viziwi ilikuwa mbali na babu alisema hana mtoto wa kutupa, wawili hawa walijitengenezea ishara zao wenyewe, jikoni, bila mwalimu, ishara ambazo mkalimani wa televisheni hazijui. Kwa ishara hizo kila mmoja wenu ana jina, mpende msipende, Mama alikuwa kuvuta ndewe ya sikio, kwa kuwa ndewe yake ilichanwa na hereni utotoni, mimi ni kung'ata kucha, na Baba Mkubwa, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, ni kupandisha suruali, samahani Baba Mkubwa, usiipandishe sasa hivi, watu wanakutazama.

Mama alisoma shule ya msingi 1969 hadi 1975, na sekondari hadi 1979, huku kila mchana akirudi mbio kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mwingine aliyejua Mjomba anataka nini, au ndivyo alivyoamini. Mwaka 1981 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, chumba cha vifungo, ambako cherehani zilipiga kelele hadi wenye masikio yao wakaongea kwa mikono, na tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na marehemu baba, fundi wa friji, mtu wa utani, aliyependa kuwaambia wageni kwamba yeye alioa mke mmoja akapewa shemeji wa nyongeza, nami nikazaliwa 1996, na baba akatutoka 2010.

Mwaka 2014 walikuja watafiti wa chuo kikuu waliokuwa wakichunguza jinsi viziwi wasiosoma wanavyojiundia lugha, nao ndio walionitia wazimu wa kusomea matatizo ya mawasiliano, digrii ambayo hadi leo imenipatia intavyuu, pole, na we will keep you posted. Walimwonyesha Mjomba filamu fupi zisizo na sauti, mtu anampa mwenzake mkate, mbwa anavuta kamba, kisha yeye anamsimulia Mama kwa mikono, na Mama anachagua picha inayofanana, na Mama, aliyekuwa mdomo wa ndugu yake maisha yote, alikosea, akakosea tena, akachukia, akasema picha zenu mbovu, huyu nimemlea mimi. Ndipo wakamwonyesha video yake mwenyewe, akajiona mdomo unakwenda kama cherehani na mikono ikifuata nyuma kwa uvivu, huku Mjomba akisimulia, akirudia, kisha akikata tamaa na kukubali picha yoyote ili yaishe.

Mama alirudi nyumbani siku hiyo na uso wa mtu aliyefeli mtihani wa mwisho, na kuanzia hapo alifunga mdomo jikoni, akamtazama, na asipoelewa alizungusha kidole hewani, yaani rudia, na Mjomba alirudia, na kumbe alikuwa na mengi, alikuwa na utani, alikuwa na malalamiko ya miaka.

Tarehe 9 Juni mwaka huu Mama alianguka karibu na sinki, kiharusi, upande wa kulia ukalala na maneno yakamtoka yote, anaelewa lakini hasemi, nasi wenye vinywa tukasimama kando ya kitanda tukimpigia kelele kana kwamba amekuwa kiziwi, na aliyejua kwamba anataka dirisha lifungwe, kwamba mto unamuumiza, alikuwa Mjomba, akiusoma mkono wa kushoto uliokuwa ukisogea kidogo tu, kama mtu anayenong'ona. Aliaga dunia tarehe 2 Septemba, asubuhi, Mjomba akiwa ameushika mkono huo.

Jana kikao cha familia kiliamua mbele ya Mjomba, juu ya kichwa chake, kwamba Jumamosi apelekwe makao ya wazee, na nilipopinga nikaambiwa be realistic, kwani mnaongea nini na yule. Sasa mnisikilize. Tangu Jumanne Mjomba anawafuata mmoja mmoja, anavuta ndewe, anajigusa kifua, anang'ata kucha, anaweka mikono juu ya kichwa kama paa, na ninyi mnasema uchungu umempanda kichwani, wakati anawapa maneno ya marehemu: Mama kasema, mimi, na huyu mtoto, nyumba moja. Lakini baada ya paa anapitisha kidole gumba kwenye kiganja, na hiyo siijui, nimeitafuta usiku na mchana, na inanitia hofu, kwa sababu ikiwa inamaanisha kataa, basi nitamfungia mtu ndani nikijisifu kuwa nampenda, kama vile Mama alivyochagua picha zisizo za Mjomba kwa miaka yote ile.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, mtaalamu wa usemi aliyekuja hata siku zisizo zake, majirani waliopika, na wenzake wa chumba cha vifungo ambao leo wameongea na Mjomba kuliko ukoo mzima.

Mama, yako umeyasema, sasa pumzika kwa amani, iliyobaki ni kazi yetu, naweka chini karatasi na kipaza sauti kwa sababu nahitaji kidole hiki nikizungushe hewani, na naomba mtu yeyote asifungue mdomo mpaka Mjomba amalize kurudia.