NyaZgambo na Mierezi ya Marais wa Kapoli

Jumamosi hii, tarehe 5 Julai, siku ambayo klabu yetu ya huduma itamvisha rais wake mpya mkufu wa cheo, Bi. Etness NyaZgambo atakabidhi ufunguo wa kitalu cha Kapoli baada ya kukitunza kwa miaka ishirini na tisa. Aliingia kazini Juni 1996, mwanamke wa miaka thelathini na sita mwenye jembe lake mwenyewe, na anatoka na jembe lilelile, ila mpini umebadilishwa mara nyingi kiasi kwamba yeye mwenyewe hakumbuki idadi. Wanaklabu wengine tulijiunga, tukahamishwa Lilongwe, tukarudi na vitambi. Yeye tulimkuta palepale.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa kibarua katika misitu ya misonobari ya Chikangawa, na huko ndiko alikojifunza kuisikiliza miche. Alipokabidhiwa Kapoli, kilima kilikuwa kipara. Chemchemi iliyo chini yake ilikuwa ikikauka kila Agosti, na akina mama wa wilaya yetu ya Mzimba wakawa wanakesha wakisubiri ndoo moja ijae. Leo Kapoli ni msitu, na mwaka jana chemchemi ilitiririka hadi mvua zikaikuta bado inatiririka. Wanaoteka maji pale hawaijui klabu yetu wala mkufu wetu. Wanamjua NyaZgambo.

Sisi wanachama hujitolea, na kujitolea kwetu ndiko kulikomzeesha. Kila msimu wa mvua tunapanda kilimani na fulana mpya za klabu, wakili na mfamasia, daktari na mwenye mabasi, tunapanda miti hadi saa sita, tunakunywa togwa lake, tunapiga picha, tunashuka. Yeye hubaki. Kazi yake ya jioni, kwa miaka yote hiyo, imekuwa kufukua tulichopanda, kuvua viriba vya plastiki ambavyo tuliviacha kwenye mizizi, na kupanda upya. Mwaka mmoja alimkuta mwanachama mmoja, tusimtaje kwa kuwa bado anatulipia kodi ya ukumbi, amepanda mche kichwa chini. Alipoulizwa na kamati kazi imekwendaje, alijibu kwamba imekwenda vizuri na watu walikuwa na furaha.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mwaka huu nusura litunyime heshima ya kumuaga.

Kila Jumamosi ya kwanza ya Julai, rais anayemaliza humvisha mkufu anayeingia, kisha sote hupanda kilima cha Kapoli, na rais mpya hupanda mwerezi wake mmoja wenye kibao cha jina na mwaka. Desturi hiyo ilianzishwa mwaka 1997 na marehemu Mwalimu Hanock Jere, mwalimu mkuu aliyeogopwa na wilaya nzima, mimi nikiwa mmoja wao. Ni desturi nzuri yenye kasoro moja. Julai haina mvua. Tone la mwisho huanguka Aprili, na la kwanza halionekani mpaka Novemba inaisha. Mavuno yakishaingia ghalani, mbuzi hufunguliwa wazurure watakako, mchwa huwa na njaa, na ifikapo Septemba wawindaji wa panya huwasha majani ili panya watoke. Mtoto yeyote wa Mzimba anajua kwamba mti haupandwi Julai. Ilihitaji watu wenye shahada kulisahau jambo hilo.

NyaZgambo alisema mapema, siku ileile ya kwanza.

"Mwalimu, mche huu utakufa."

"Mwaka wa klabu unaanza Julai, NyaZgambo," Mwalimu Jere akamjibu. "Makao makuu ng'ambo ndivyo walivyopanga. Sisi ni nani?"

"Basi waiandikie na mvua barua, nayo ianze Julai."

Mwalimu alicheka, akaupanda, akapigwa picha. NyaZgambo hakubishana tena. Tangu mwaka huo, kwa kila mche wa rais alilea kitaluni ndugu zake wanne, wa mbegu moja na umri mmoja, kwenye viriba vikubwa. Mche wa Julai ukishapandwa aliuzungushia uzio wa miiba mnene kiasi kwamba hata jua lilipenya kwa shida. Tulidhani ni heshima kwa cheo. Rais akipita Oktoba kuulizia mti wake, alijibiwa kwa upole: "Umelala, bwana rais. Mtu aliyelala haamshwi." Mvua za Desemba zikianguka, ndugu mmoja aliingia shimoni, kibao kikabaki palepale, na Januari uzio ulipoondolewa rais aliukuta mti wake umeamka. Huo nao ukifa, alikuwapo ndugu mwingine.

Mwandishi wa wasifu huu alivaa mkufu mwaka 2011. Nakumbuka niliwapandisha wageni kutoka Lilongwe hadi kwenye mwerezi wangu, nikawaambia kwamba mkono wangu una baraka. NyaZgambo alikuwa kando na keni yake ya kumwagilia. Alikohoa.

Machi mwaka huu upepo uliuangusha mwerezi wa Mwalimu Jere. Mwalimu alifariki mwaka 2006, na tangu hapo mjane wake, Bi. Maria NyaTembo, mkunga mstaafu aliyewapokea watoto wa nusu ya wanachama wetu, hupanda Kapoli kila siku ya kumbukumbu yake akiwa na chupa ya chai. Hukaa chini ya mwerezi ule na kumsimulia mumewe habari za watoto na wajukuu, kwa sauti, bila kumwonea haya mpita njia. Mti ulipoanguka aliomba shina litengenezwe benchi. Tukalipeleka kwa fundi Goodson Nyasulu, seremala hodari ambaye Mungu alimpa macho makali akasahau kumpa breki mdomoni.

"Mama, kibao kinasema mwaka tisini na saba, yaani miaka ishirini na minane," Nyasulu alimwambia mbele ya wateja. "Mbona pete za mti ni ishirini na nne? Mmedanganywa hapa! Njia ya mwongo fupi, mimi nimeikata kwa msumeno."

Bi. NyaTembo aliomba kiti. Akakaa, akasema, "Hesabu tena." Nyasulu akahesabu tena, safari hii kwa sauti ya chini.

Kamati ilimwita NyaZgambo. Alikuja na viatu vyake vya kitaluni, akakataa kuketi, akakiri. Miche mitatu ya Mwalimu ilikufa, wa kwanza kwa mbuzi, wa pili kwa mchwa, wa tatu kwa moto, na ulioanguka ulikuwa wa nne. Kisha akatutaja marais wote kwa zamu, kutoka kichwani, na kilichoua mti wa kila mmoja. Kati ya mierezi ishirini na minane, iliyopandwa kweli na mikono ya marais ilikuwa mitano.

"Wa kwako, bwana katibu," akanigeukia, "uliliwa na mbuzi, ukaungua, halafu nikakupandia huo unaowaonyesha wageni."

Kamati iliangua kicheko, nami nikacheka ili aibu yangu isionekane. Bi. NyaTembo hakucheka. Alikuwa ameketi karibu na dirisha na mkoba wake magotini.

"Miaka kumi na tisa nimezungumza na mti wa kitaluni," alisema. "Mti ambao mume wangu hakuugusa. Ungeniambia, NyaZgambo. Ningelia siku moja, yakaisha."

Sote tulimwona NyaZgambo akifungua mdomo, na tukamwona akiufunga. Bi. NyaTembo akatoka.

Sisi wengine hatukuwa na kinyongo na NyaZgambo hata chembe. Tulikuwa tumeshakodi spika, tumeshanunua vitenge vya zawadi. Yeye akagoma. Alisema haagwi kwa ngoma huku amemwacha mtu analia, na kwamba ataondoka kama alivyokuja, kwa miguu, na jembe lake. Nilitumwa kumbembeleza mara tatu. Rais mteule wetu, Bi. Tiwonge Shaba, ambaye duka lake la dawa linamfanya azoee kubembeleza wagonjwa wasiotaka kunywa, naye alirudi mikono mitupu. Kanisani Bi. NyaTembo na NyaZgambo walisalimiana kwa vichwa tu. Wiki tatu zikapita hivyo, na kwa kweli tulikuwa tunampoteza mwenzetu wa miaka ishirini na tisa bila hata kumwambia asante.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Jumatatu moja ya Juni nilikuwa kitaluni kwa safari ya nne ya kubembeleza, na nimepewa keni nimwagilie ili nisikae bure. Bi. NyaTembo akatokea njiani, mwavuli mkononi, ingawa hapakuwa na mvua wala jua la maana. Alinipita kana kwamba mimi ni gogo.

"NyaZgambo. Fundi anasema mti ulipandwa mwaka elfu mbili. Ni kweli?"

"Kweli, mama. Desemba."

"Desemba hiyo mume wangu alitoka asubuhi na mvua, akaniambia anakwenda kutazama paa la darasa la nne, linavuja. Akarudi na tope jekundu mpaka magotini. Niliifua suruali ile mara tatu, mpaka nikaitukana. Juzi usiku nimekumbuka kwamba darasa la nne lina sakafu ya saruji."

NyaZgambo aliinama juu ya miche, akaanza kung'oa magugu mahali pasipokuwa na gugu hata moja.

"Alikuja hapa?"

"Mama, nilikatazwa kusema."

Bi. NyaTembo aliegemeza mwavuli kwenye uzio taratibu.

"Basi usiseme," alisema. "Nimeshasikia."

Wakalia wote wawili, wameshikana mikono juu ya tuta la miche. Mimi niliendelea kumwagilia, na nilipotazama chini nilikuta nimevilowesha viatu vyangu hadi soksi.

Yaliyobaki yameandikwa hapa kwa ruhusa ya Bi. NyaTembo. Baada ya moto wa Oktoba mwaka 2000, Mwalimu Jere alipanda kilima cha Kapoli peke yake, akaukuta mwerezi wake umekuwa majivu, na NyaZgambo akamweleza ukweli wote. Mvua zilipokolea alirudi na viatu vya mpira, akachimba shimo mwenyewe, akaupanda mche wa nne kwa mikono yake. Halafu, mtu yule aliyetutetemesha sote, akamwomba mfanyakazi wa kitalu asimwambie mtu. Alikuwa amejisifia mwerezi wake kwa miaka mitatu, na desturi ya Julai ilikuwa yake. Kutembea kwenye tope aliweza. Kusimama mbele ya klabu na kusema nilikosea, hilo lilimshinda, akafa nalo. NyaZgambo alilitunza. Neno moja tu lingemtoa kwenye lawama mbele ya kamati, naye akachagua kuitwa mwongo kuliko kuvunja ahadi aliyompa mtu aliyekwisha kuzikwa. Katika klabu yenye kiapo, mkufu na wimbo, aliyetuonyesha maana ya huduma ni yeye ambaye hatukuwahi hata kumpa kadi ya uanachama.

Bi. Shaba naye alifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na rais yeyote wetu. Alisoma kanuni za makao makuu, kurasa zote. Zinasema mkufu ukabidhiwe Julai. Kuhusu miti hazisemi hata neno moja. Kwa miaka ishirini na minane tumekuwa tukiitii sheria ambayo hakuna aliyeitunga, nasi kwenye kamati tulikuwa na wanasheria wawili. Kwa hiyo msishangae kwamba ratiba ya Jumamosi haina kupanda mti. Bi. Shaba ataupanda mwerezi wake Desemba, ardhi ikishalowa sawasawa, na amekula kiapo cha ziada kwamba ataurudia kuutazama hata kama hakuna mpiga picha. Nami nimeomba ruhusa ya kupanda wangu upya, bila kibao.

NyaZgambo, sasa umekubali kuagwa, basi usikilize na usianze kukohoa. Tunakushukuru kwa chemchemi. Tunakushukuru kwa viriba ulivyovivua gizani baada ya sisi kushuka kuoga. Tunakushukuru kwa kutufichia aibu yetu nyuma ya miiba mpaka tulipokua vya kutosha kuiona. Tunakuomba radhi kwa sababu ulituambia siku ya kwanza, nasi tukakuchekea. Hotuba ya shukrani Jumamosi haitatolewa na rais yeyote. Bi. NyaTembo, ambaye si mwanachama, ameiomba, na hakuna aliyethubutu kumnyima.

Mvua ya kwanza ya kila mwaka imekukuta ukikimbia, mche huku na mche kule, kitenge kimeloa mwilini. Ya mwaka huu na ikukute umekaa barazani kwako, miguu mikavu, chai mezani. Usihangaike kutafuta wa kunywa naye. Bi. NyaTembo ameshatuarifu kwamba siku hiyo, itakapokuwa, mtu asimtafute kwake. Uishi maisha mema, dada yetu, na marefu.

Wyson Chisi
Katibu wa Klabu