Picha Zilizochomwa kwa Kufuata Utaratibu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutufariji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Fundi Tochi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bibi yetu, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, ingawa kitambulisho chake kinasema ni tarehe 1 Januari, kwa sababu karani aliyemwandikisha aliwagawia watu wote wa foleni ile siku moja ya kuzaliwa, nasi tumeamua kumwamini mama, kwa kuwa yeye alikuwepo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959, akamaliza sekondari mwaka 1970, ambako hakuvuma kwa lolote isipokuwa ukimya, sifa iliyomfaa sana alipoajiriwa, tarehe 2 Julai 1973, kuwa mpiga picha wa ofisi ya vitambulisho, kazi aliyoifanya hadi kustaafu bila onyo na bila kupandishwa cheo. Kanuni za ofisi zilikuwa wazi, kwamba mwombaji atazame mbele, afunge mdomo, masikio yote mawili yaonekane, pasiwe na kivuli, na picha ya mtu aliyetikisika ichanwe na kuchomwa moto mbele ya shahidi. Kivuli kilikuwa kimekosa nini, hakuna waraka uliowahi kueleza, na nadhani ndiyo maana marehemu alianza kukitafuta nyumbani.

Kila Jumapili mchana alijifungia stoo, akaziba dirisha kwa blanketi na upenyo wa mlango kwa gunia, hadi asione hata kiganja chake, akaisimamisha kamera kwenye stendi, akaiacha lenzi wazi ili filamu ikusanye mwanga polepole, kisha akalizunguka birika la chai kwa tochi ya betri mbili, akihesabu kwa sauti na kulipaka mwanga kidogo kidogo, kama mtu anayepaka chokaa ukutani. Alijifunza kwamba mwanga wa mbele hufuta kila kitu, wa ubavuni huinua kila bonde na kila mkwaruzo, karatasi nyeupe juu ya tochi huulainisha, na ganda jekundu la peremende hulifanya birika lionekane lina homa. Majirani, kwa kumsikia mtu akihesabu peke yake kwenye chumba kilichozibwa, walimwita kiongozi wa mtaa, naye akaja kukagua, akakalishwa kwenye stuli, akapigwa picha, akatulia kuliko birika, akaondoka na kuandika ripoti kwamba hakuona tatizo lolote, jambo ambalo ni kweli, kwani hakuona chochote.

Tarehe 18 Agosti 1979 marehemu alifunga ndoa na fundi cherehani wa barabara ya pili, shemeji yetu mpendwa, na mwaka 1981 wakajaliwa binti yao wa pekee, aliyeketi hapa mbele. Shemeji alikuwa mtu wa maneno. Kaka alitamani kuliko kitu chochote kupata picha moja nzuri ya mkewe kwa mwanga wa tochi, na kila Jumapili alimkalisha, akamsihi atulie hadi hesabu iishe, lakini hesabu haikuwahi kufika mwisho kabla shemeji hajakumbuka kisa cha mteja aliyekataa kupimwa kiuno, au hajamwambia, “Mume wangu, mimi si birika, nikinyamaza nitapasuka.” Picha zikarudi kutoka kusafishwa, macho yametulia, mdomo umekuwa ukungu, naye kaka, aliyeizoea kanuni kama shati la kazini, alizikusanya kila mwisho wa mwaka, akazichana na kuzichoma kwenye debe nyuma ya nyumba, shahidi akiwa ni shemeji mwenyewe, aliyeshika kiberiti na kucheka.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2008, faili lake la mafao likarudishwa kwa sababu picha aliyojipiga mwenyewe ilikuwa na kivuli chini ya pua.

Tarehe 9 Februari 2014 shemeji alifariki kwa maradhi ya figo. Kaka aliingia stoo kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, akatoka na mabirika, yote safi, yote yametulia, pamoja na kiongozi wa mtaa. Ya mkewe ilibaki moja tu, ya kitambulisho, mdomo umefungwa na masikio yote mawili yanaonekana, ndiyo tuliyoitumia, na wengi mtakumbuka kwamba alikataa kuitazama, akasema, “Huyu simjui,” na stoo ikakaa imefungwa miaka mitatu.

Mwaka 2016 aligundulika kuwa na presha ya macho, na nuru ikaanza kumtoka kuanzia pembeni. Mwaka 2017 aliifungua stoo, akaziba dirisha kwa kupapasa, akamkalisha binti yake kwenye stuli, na binti, aliyelelewa kwenye kanuni, alipokaza shingo na kubana midomo, baba yake alimwambia, “Ongea, mama. Usitulie. Hata ukitaka kunisengenya, nisengenye.” Binti akamsimulia habari za mama yake hadi betri zikaisha. Wakaendelea hivyo kila Jumapili, na macho yalipozimika kabisa, kazi ya binti ikawa kumweleza picha ilivyotoka, na siku alipomwambia, “Baba, mdomo umekuwa moshi mtupu,” alijibu kwamba sasa ameanza kuielewa kazi. Hakuichoma hata moja.

Marehemu alipatwa na kiharusi tarehe 3 Juni 2023, akalazwa, na akafariki alfajiri ya tarehe 7 Juni 2023, akiwa ameacha binti mmoja na wajukuu wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioizoea sauti ya hesabu zake, na wenzake wa ofisi ya vitambulisho waliofika leo, wakiwa wametulia, masikio yote yakionekana.

Kaka, pumzika kwa amani, na ukimkuta shemeji anaongea, usihesabu.