Mwinjilisti Bartolomayo Ndahani na Sauti Aliyoingojea

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tunayemsindikiza leo, Mwinjilisti Bartolomayo Ndahani, alizaliwa hapa hapa Haneti tarehe 3 Machi 1936, mtoto wa pili wa mzee Meshack Ndahani na mama Ruthu.

Alisoma hadi darasa la nne, akabatizwa mwaka 1950. Mwalimu wa dini alikuwa amewafundisha kwamba Mungu husema na watu wake, naye Bartolomayo alilichukua neno hilo kama lilivyo. Alikwenda machungani akitega sikio hata mbuzi wakaingia shamba la jirani. Siku hiyo alichosikia ni fimbo ya baba yake, lakini hakuacha kungojea.

Mwaka 1958 aliajiriwa kuwa mhudumu wa josho la kuogeshea ng'ombe dawa. Tarehe 12 Agosti 1961 alifunga ndoa na Erica, mwanamke mcheshi, msema kweli, ambaye hajawahi kumwogopa. Mwaka 1993, wafanyakazi walipopunguzwa serikalini, naye alipunguzwa. Iliuma sana. Alimlalamikia Mungu kwa ukali uleule aliozoea kumfokea ng'ombe anayegoma kuingia joshoni. Hakusikia neno, ila kanisa lilimwomba awe mwinjilisti, akakubali.

Jambo linalofuata aliagiza mwenyewe lisomwe. Mwezi Novemba 1996 mawingu yalitanda, na Jumapili moja alisimama ibadani akasema, “Bwana ameniambia mvua ni wiki hii. Pandeni!” Nyumbani Erica alimuuliza, “Baba Frida, umeambiwa au umetamani?” Watu walipanda uwele kwenye vumbi, kama desturi yetu ilivyo tukiwa na hakika ya mvua. Ikanyesha kidogo, ya kudanganya mbegu. Miche ilichomoza, jua likaikausha yote.

Njaa iliingia, watu wakatoka kwenda kuhemea chakula mbali. Bartolomayo alijifungia ndani kwa aibu. Kuhubiri aliacha, na kula pia karibu aache. Hapo ndipo alipokuja Anjelina, mjane aliyepanda mbegu yake ya mwisho kwa neno lake, akiwa na kibakuli cha mlenda na ugali kidogo.

“Shikamoo, Mwinjilisti. Ya mvua siyajui,” alisema. “Mimi Mungu ameniambia nikuletee mboga. Kula.”

“Amekuambia kwa sauti gani, mwanangu?”

“Sauti itoke wapi? Tumbo limeniuma, nikajua na lako linauma.”

Alikula huku akilia. Jumapili iliyofuata alirudi kanisani, akawaambia waumini, “Mvua ile nilijiambia mwenyewe. Nisameheni.” Walimsamehe, ingawa wengine walichukua muda, na ilikuwa haki yao. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akisema “Mungu ameniambia.” Akiingia kwa mgonjwa alikaa, akauliza, “Panauma wapi?” kisha akanyamaza asikilize. Miaka hiyo alikuwa mtu wa furaha. Erica anasema ndipo alipoanza kumsikiliza hata yeye, na kwamba huo ndio muujiza.

Mwanzoni mwa mwaka 1999 alianza kuugua ini. Alikaa kwa binti yake Frida, mtaa wa Makole mjini, akitibiwa, na mwezi Julai alilazwa hospitalini huko. Maumivu yalikuwa makali, hatutayapamba. Siku moja Frida, aliyekuwa amefunga na kuomba mpaka amekonda, alishindwa kujizuia. “Baba, mbona Mungu hakujibu?”

“Kama nitapona, hajaniambia,” alijibu. “Lakini kila nikiumwa namsikia yule bwana wa kitanda cha pili. Zamani ningemsikia wapi? Hana mtu. Uji wangu mpelekee yeye kwanza.”

Bwana huyo alikuwa mzee Iddy, mkulima wa kijiji cha Busi. Frida alimlisha kila siku, naye alipata nafuu akaruhusiwa. Bartolomayo hakupona. Alifariki kwa utulivu Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1999, mkono wake ukiwa mkononi mwa Erica.

Ameacha mjane, Erica, watoto watatu, Frida, William na Thobias, wajukuu saba, na mdogo wake, Loisi. Baada ya Loisi tunaongeza jina ambalo halimo kwenye karatasi mlizo nazo, maana mwenyewe amefika asubuhi hii kwa lori la mahindi, baada ya kusikia tangazo la kifo redioni. Vijana walipomuuliza yeye ni nani kwa marehemu, wajue wamketishe wapi, mzee Iddy alisema, “Kule hospitali niliandikwa sina ndugu. Nimekuja kumzika ndugu yangu.” Ameketi mbele, pamoja na wafiwa.

Mwinjilisti wetu, Bwana akupumzishe salama.