Bi Taisia na Kiarmenia Alichochelewa Kukijua

Ijumaa tarehe 26 Septemba, baada ya miaka thelathini na miwili katika ofisi yetu ya tafsiri karibu na kituo cha treni cha Schuman, Bi Taisia Berkutova anastaafu. Idara ya Kirusi inabaki na kiti chake, birika lake na mimea mitatu ambayo hakuna anayethubutu kuimwagilia maji.

Alitoka Saint Petersburg akiwa mshairi mwenye vitabu vitano: viwili vya mashairi yake mwenyewe, vitatu vya mashairi ya Kiarmenia kwa Kirusi. Mkurugenzi wa wakati huo, Bwana Freddy, aliliona neno "Kiarmenia" kwenye karatasi zake, akamwandika mtaalamu wa lugha hiyo siku hiyo hiyo. Bwana Freddy hakuwa mtu wa kuuliza swali la pili.

Angeuliza, angeambiwa kwamba Bi Taisia hakujua Kiarmenia hata cha kuombea maji. Huko kwao ndivyo ilivyokuwa: Muarmenia fulani alitafsiri neno kwa neno, mshairi akatia vina, na jina la mshairi likakaa kwenye jalada. Kwa miaka kumi na miwili mtaalamu wetu alizikwepa nyaraka za Kiarmenia kwa ustadi: mara ni lahaja ya milimani, mara mwandiko hausomeki. Uongozi ulimpa cheti cha ufanisi.

Kisha akaja Hasmik, mwanamke Muarmenia wa mji wa Gyumri, aliyesafisha ghorofa yetu. Aliona kimoja cha vile vitabu kwenye rafu, akakiazima, akakirudisha baada ya wiki.

"Katika shairi hili mama anamwambia mwanawe asirudi kijijini, kwa sababu hakuna aliyebaki," alimwambia Bi Taisia kwa Kirusi. "Wewe umemfanya amwite arudi."

Bi Taisia alijitetea kwamba kina kilidai hivyo. Hasmik akachukua ndoo yake, akaendelea na kazi.

Siku mbili hatukumwona Bi Taisia. Ya tatu alisimama kwenye chumba cha chai, akatueleza ukweli wote. Mwenzetu wa mapokezi, aitwaye Mujinga, ndiye aliyeuliza kwanza: "Donc, maman, kwa hiyo ile miaka yote ulikuwa unatudanganya?"

"Nilijidanganya zaidi mwenyewe," alijibu.

Uongozi, kwa busara zake, ulimwacha kwenye orodha ya wataalamu, maana orodha ilikuwa imeshachapwa.

Akiwa na miaka arobaini na mitano akaanza alfabeti. Kila mchana alishuka kwenye stoo ya mafagio, Hasmik akimkaripia kama mtoto wa darasa la kwanza. Miaka sita baadaye akaanza kuvitafsiri upya vile vitabu vitatu. Mchapishaji akajibu kwamba vya zamani vina vina vizuri zaidi. Akavitoa kwa mashine ya kunakili ya ofisi, jambo ambalo uongozi unalijua leo kupitia ukurasa huu wa jarida letu.

Mwaka huu hatimaye vimechapwa rasmi, na majina mawili yako kwenye jalada. Hasmik, ambaye sasa anaishi Liège, alirudisha nakala yake ikiwa na makosa manne yaliyozungushiwa penseli. Bi Taisia amekubali matatu.

Idara ya Kiswahili inamshukuru. Mimi Amissi, niliyeorodheshwa mtaalamu wa Kilingala kwa sababu tu nanunua samaki kwenye maduka ya Wakongo ya Chaussée de Wavre, leo asubuhi nimepanda juu kwa uongozi kuomba nifutwe kwenye orodha. Nimeambiwa nirudi Januari.

Maman Taisia, ukaishi vyema huko nyumbani kwako Etterbeek, miaka mingi na yenye afya. Watu wa kubishana nao hutawakosa.