Muuguzi Luan na Supu ya Kome

Qingdao, 28 Agosti

Kwa Dada Luan Guizhi,

Leo Muuguzi Mkuu Luan anastaafu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika kliniki yetu ya jongo. Katika mji ambao watu hubeba bia kwenye mfuko wa plastiki kama mboga, hiyo ni kazi ya shujaa.

Alianza kwa kufunga bandeji. Baadaye akawa mwalimu wa wagonjwa, akiwaeleza kinachozidisha asidi ya yuriki, ile inayovimbisha viungo vya mwenye jongo: maini, kome, bia, soda, kukosa maji mwilini, na figo zinazoshindwa kuitoa, ambazo wengine huzirithi tu. Wakaidi aliwajua kwa mlio wa kandambili zao, maana mguu uliovimba hauingii kiatuni.

Mmoja wao alikuwa marehemu mume wangu, Xue. Arusi ya binti yetu ilikaribia, na kidole gumba cha mguu kikavimba kama biringanya. Baba wa bibi arusi hupita meza zote akiinua glasi. Yeye aliogopa atasukumwa kwenye kiti cha magurudumu.

"Dada Luan, naapa, kome sijagusa!"

"Na supu yake?"

"Aa, supu si maji tu?"

"Maji! Mzee mzima! Kwani hao kome walichemkia angani? Ubaya wao wote umebaki humo, nawe unaufakamia bakuli mbili!"

Chumba cha kusubiri kikaangua kicheko. Xue naye alicheka, huku akishikilia mguu.

Supu akaiacha, dawa akameza. Siku ya arusi Dada Luan alimjazia chai ya shayiri kwenye chupa ya bia, rangi ileile, iliyokosa povu tu. Xue akazunguka meza zote kwa viatu vya ngozi, kamba zimefungwa. Wakwe wakashangilia, "Mzee huyu kiboko! Halewi!"

Moyo wake ulisimama majira ya baridi yaliyofuata. Picha niliyoitundika ukutani ni ile ya arusini: amesimama, glasi juu.

Mchana huu, kwenye chakula cha kumuaga, Dada Luan aliuliza, "Nani kaagiza supu ya kome?" Mkurugenzi wa kliniki akasogeza bakuli lake nyuma ya maua. Tulicheka hadi machozi.

Asante, Dada Luan. Nenda ukapumzike, miguu yako iwe myepesi na wajukuu wakusumbue vizuri. Na kila utakapomwaga supu ya kome, mkumbuke Xue, na sisi utukumbuke.